Kitufe cha Kuzungusha

West Indies, Eldoret
14 Aprili 2024

Baba Austine,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini vumbi la Lodwar halijakurudishia kile kikohozi, na kwamba unakunywa maji vile daktari alisema. Huku sisi ni wazima. Mvua imeanza, na nimepanda mahindi mistari mitano nyuma ya nyumba. Purity alipiga simu kutoka Nakuru akauliza kama Baba alifika salama. Nikasema alifika, ingawa hata mimi sijui.

Uliondoka Jumatatu ya Pasaka na chai yako ikabaki nusu kikombe. Nimekupigia mara kumi na moja hushiki. Basi naandika barua, kama zile za mwaka wa tisini na nane, kwa sababu simu yangu Austine huiomba kila jioni atazame mpira, na haya maneno si ya macho ya mtoto wetu.

Nimefungua droo ya upande wangu wa kitanda. Skrubu za kile kiboksi zimekwaruzwa na moja haipo. Mimi nimeishi na fundi wa redio miaka ishirini na sita, alama ya bisibisi yako naijua.

Acha nikuambie ni nini, usiendelee kukisia. Ni kitu cha raha ya chumbani. Kuna kiyai cha mpira laini, kadiri ya kokwa la avokado, na waya mwembamba unaoenda kwenye kiboksi chenye kitufe. Ukibonyeza, kiyai kinatetemeka. Nesi Leonida, yule aliyekufunga kidonda baada ya operesheni ya tezi dume, ndiye aliyeniagizia kutoka Nairobi. Nilienda kwake Januari nikalia. Akaniambia siko peke yangu, wake wengi hupita hapo.

Usifikiri nilikizoea. Siku ya kwanza nilikibonyeza mchana, nyumba ikiwa tupu. Kikanguruma kama poshomili. Niliruka, kikaanguka sakafuni, kikatembea chenyewe hadi chini ya kabati na kiboksi kikikifuata nyuma, nikakitoa kwa ufagio nikiwa bado na kitambaa cha kanisa kichwani. Siku ya pili nilikifunika na blanketi nzito ili kinyamaze. Siku ya tatu nilicheka peke yangu, halafu nikalia, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Nilipanga kukuonyesha siku ile ile ya Jumatatu, wageni wakishaondoka. Ukanitangulia.

Mkeo,
Mama Austine


Lodwar
19 Mei 2024

Kwa Mama Austine,

Barua nimepata. Mimi ni mzima, joto ni lile lile. Pampu za sola tumefunga sita, zimebaki tisa. Wasalimie watoto.

Juu ya lile jambo sina maneno mengi. Uko na haki yako. Kibarua akishindwa na jembe, mwenye shamba huajiri mwingine. Mimi sikukasirika. Nimeomba kuendelea na kazi huku hadi Desemba, na hata Krismasi huenda nisije.

Purity usimwambie kitu.

Ni mimi,
Baba Austine


West Indies, Eldoret
2 Juni 2024

Baba Austine,

Tuko hai, Mungu ni mwema, na mahindi yamefika kiunoni. Hizo ndizo salamu. Sasa kaa chini unisikilize.

Umesema hukukasirika. Mtu ambaye hajakasirika hamwandikii mke wake mistari kumi kama anayeomba ruhusa kazini. Umesema nimeajiri mwingine. Nani huyo? Kiyai? Kiyai kinajua kwamba Purity alizaliwa mvua ikituvujia kichwani? Kinajua kunikanda mgongo nikitoka kupikia wanafunzi pale Chepkoilel?

Tangu operesheni umelala ukiangalia ukuta. Daktari alituambia sisi wote wawili, tumeketi mbele yake, kwamba upande ule unaweza kuchelewa kurudi, ama usirudi. Mimi nilisikia, nikaja nyumbani na mume aliye hai, nikashukuru. Wewe ulikuja na aibu. Kisha ukapata safari ya Lodwar ukaiita kazi. Wanasema mficha uchi hazai. Sisi tulishazaa wanne, sasa unanificha nini?

Unakumbuka chumba chetu cha Huruma? Ukuta wa mbao, Wasike akijikuna upande wa pili tunasikia. Jumapili tukitoka kanisani, watoto wakibaki kwaya, ulikuwa unafunga mlango na kuwasha ile redio uliyoiunda kutoka redio tatu zilizokufa. Sauti unapandisha mpaka mwisho, ili majirani wasikie redio na si sisi. Siku moja ukitoka nje Wasike akakuuliza, "Fundi, nani ameshinda?" Ukamjibu, "Mbili kwa moja." Na mchana huo redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ploti nzima ilicheka. Mke wake Namalwa aliniuliza wiki nzima mechi ingine ni lini, nami nikiona haya mpaka kwenda kuchota maji ikawa shida.

Sasa tuko na nyumba ya mawe. Hakuna jirani wa kusikia, na hakuna cha kusikia. Redio iko juu ya kabati. Betri nilizitoa zisije zikaivujia.

Ninakutamani wewe, Obonyo. Sitamani kazi ya kiungo kimoja. Ninatamani yule mtu aliyekuwa anafunga mlango huku akijikaza asicheke.

Na kuna kitu alinieleza Leonida ambacho hukungoja kukisikia. Kiyai ni changu, lakini kiboksi hakikutengenezwa nikishike mimi. Ndiyo sababu waya ni mrefu vile. Kiboksi ni cha mume. Yeye ndiye anayeamua lini na kwa kiasi gani. Mimi nilikuwa nimeshika vyote viwili, kama mtu anayecheza bao la ajua peke yake.

Basi nakutumia chenyewe, ndani ya mkebe wa majani ya chai, na dagaa wa omena juu yake. Karani wa basi aliuliza kuna nini, nikasema omena, na sikudanganya. Umekiharibu wewe, na fundi ni wewe. Kitengeneze. Kama hutaki, kitupe huko mchangani, lakini uniandikie wazi kwamba hurudi, nianze kulala katikati ya kitanda. Mpaka leo nalala upande wangu.

Mkeo,
Mama Austine


West Indies, Eldoret
7 Julai 2024

Baba Austine,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nimeenda ofisi ya basi. Wanasema mkebe ulichukuliwa tarehe nane Juni na sahihi ni yako, ile O yenye mkia. Kwa hivyo uko nao. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo nauogopa. Hata kama ni neno moja, niandikie.

Mkeo,
Mama Austine


Lodwar
21 Julai 2024

Mama Austine,

Pokea salamu zangu na unisamehe kuchelewa. Mwili ni mzima. Omena tulikula na Kimeli wa Moiben, fundi mwenzangu kambini. Alisema ni chungu, lakini aliongeza mara tatu.

Mkebe wenyewe ulikaa chini ya kitanda wiki tano. Wacha nikueleze mambo ya Pasaka.

Nilikuwa natafuta chaja ya tochi. Nikafungua droo nikakuta kile kitu kikichaji, taa ya kijani inawaka upande wako wa kitanda. Nilijua ni nini, huku kambini watu huonyeshana vitu kwenye simu. Mkono ukatafuta bisibisi wenyewe. Nilitaka kuona ndani kuna nini kinachonishinda. Mama Austine, hakuna kitu. Kuna betri kama kidole cha mtoto, bodi kama stempu, na nyaya mbili. Nilikaa sakafuni. Kama ningekuta kitu kikubwa ningevumilia. Nikavuta waya mmoja ukang'oka, skrubu ikaanguka ikapotea, nikakifunga hivyo hivyo na kutoroka kama mwizi wa kuku.

Aibu ndiyo iliyonileta Lodwar, hapo umesema kweli. Niliogopa kukugusa, usije ukangoja kitu ambacho siwezi kukimaliza. Nikaona heri nisianze. Na kila nikikuona umelala upande wako, umeniachia nafasi yangu yote, roho iliniuma zaidi.

Wiki iliyopita pampu moja ilikataa kwenda, tukawa tunangoja kipuri. Kimeli akaenda sokoni, nami nikautoa mkebe. Kulehemu waya hakukuchukua dakika mbili. Kikawaka. Nikakishika kiganjani, nikaelewa kwa nini uliruka. Kina kasi tatu, na ile ya kwanza tayari inakimbia. Aliyekiunda hakujua anamuundia nani.

Sasa nauliza kama fundi, na wewe unijibu kama mteja, usione haya. Hiyo ya kwanza ni kali kiasi gani? Unataka kianzie wapi?

Ni mimi,
Baba Austine


West Indies, Eldoret
4 Agosti 2024

Baba Austine,

Habari za siku nyingi. Mimi ni mzima, na leo ni mzima zaidi. Barua yako niliifungulia jikoni kazini, nikaisoma mara nne, na maharagwe yakashika chini. Wanafunzi mia tatu wamekula yakinuka moshi, na hakuna hata mmoja anayejua ni kwa sababu yako.

Kwanza, ulinikosea ukifikiri kuna kitu nilikuwa nangoja ukimalize. Mimi mwisho sikuwahi kuuhesabu. Ulipogeuka ukaangalia ukuta, nilidhani ni mimi nimezeeka, umenichoka. Miaka miwili nimejitazama kwenye kioo nikitafuta kosa.

Sasa mteja anajibu. Ya kwanza ni kali, inaleta ganzi. Ya pili na ya tatu ni za kusagia unga. Tena ukibonyeza kinaruka tu, hakipandi. Mimi nakumbuka mkono wako ukitafuta stesheni. Wateja walikuwa wanazungusha haraka mpaka wanaipita. Wewe ulikuwa unasogeza kidogo, unasikiliza, unarudi nyuma kidogo, mpaka sauti inaingia yenyewe na ile mikwaruzo inaisha. Nami ulikuwa ukinishika hivyo hivyo. Sikuwahi kujua ulijifunza nini kwanza, redio ama mimi.

Ukiweza kukifanya kiende namna hiyo, sawa. Ukishindwa, njoo na mkono wenyewe, unanitosha.

Na kuna jambo dogo. Zamani ulikuwa unaniita Nyar Alego, binti wa kwetu Alego. Tangu operesheni umekuwa ukiniita Mama Austine, kama vile mwenye duka ananiita. Silaumu, nakumbusha tu.

Mkeo


Lodwar
26 Agosti 2024

Nyar Alego,

Salamu nitakupa kwa mdomo, karatasi haizitoshi.

Kile kitufe cha kubonyeza nimekitoa. Mahali pake nimeweka cha kuzungusha, kile cha sauti, kutoka kwa redio ya Kimeli iliyokufa. Aliniuliza ni ya nini nikamwambia ni kazi ya mteja wangu wa zamani kule Eldoret. Sasa kifaa hakiruki tena. Kinaanza chini kabisa, mtu anakaribia kufikiri hakijawaka, halafu kinapanda vile mkono unataka. Nimekipima kwenye kiganja changu siku tatu, nikienda mbele, nikirudi nyuma kidogo. Siku ya tatu nikajikuta nimefumba macho na kunusa ile parafini ya chumba cha Huruma.

Waya nimeuwekea plagi ndogo ya redio ili uchomoke kwenye kiboksi, na kiyai nimekiosha vizuri na kukirudisha kwenye mkebe. Juu yake kuna samaki mkavu wa Turkana, ili karani naye apate jibu. Kiboksi usikitafute humo. Kiko mfukoni mwangu, na nitakileta mwenyewe. Pampu zilizobaki ni mbili, Kimeli atazimalizia. Nitafika Ijumaa tarehe thelathini, mchana.

Sijui kama upande ule mwingine utarudi. Usidhani aibu nayo imeisha, iko, ila safari hii sitaiacha initangulie mlangoni.

Najua kuta za huko ni za mawe na hakuna wa kutusikia. Hata hivyo, weka betri mpya kwenye redio. Zile kubwa, nne.

Mumeo,
Fundi