Neno "Bure" Limeniponza

Kasulu, Alhamisi, Oktoba 2014

Ningesema "programu huria", zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzigawa, yasingenikuta. Lakini nimewaambia viongozi wa ushirika wa asali kwamba tovuti yao na kanzidata, yaani rejista ya wanachama ya kwenye kompyuta, nitazijenga kwa programu za bure, na mweka hazina akakunja uso. "Binti, cha bure ni bure kabisa." Yeye anataka ile ya leseni ya kulipia kila mwaka.

Nilikasirika.

Aliyeniokoa ni katibu wao, Mama Neema, aliyekuja mkutanoni akitoka kupanda, udongo bado kwenye kanga. "Mbegu ya mahindi ya dukani tunanunua upya kila msimu," akasema. "Maharage yetu tunakula, tunabakiza mbegu, na jirani tunampa. Nani hapa anasema maharage yangu ni bure kabisa?"

Wakacheka wote, hadi mweka hazina. Wakakubali.

Nimefurahi, sifichi. Ila Mama Neema alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza taratibu, "Ile programu ya kulipia ikiharibika, yupo wa kumpigia simu. Hii yupo nani? Wewe tu. Na ukiolewa mbali je?"

Hilo ndilo ninaloliogopa mwenyewe. Nikamwambia, basi nitakufundisha wewe. Nilidhani atacheka, maana kompyuta hajawahi kuigusa.

Kumbe Jumatatu ijayo asubuhi atakuja na daftari. Anasema mbegu haiwekwi nyumba moja.