King'amuzi Hakipimwi Kama Kahawa

Mama Joyness,

King'amuzi kimepona! Diski mpya ya kurekodia nimeifunga mwenyewe mlipokuwa shambani. Waya wa umeme niliuchomoa kwanza, maana umeme uliwahi kunirusha hadi kwenye mikungu ya ndizi na somo lile sijalisahau.

Leo saa kumi wanarudia kile kipindi cha kwaya. Nimeshategesha king'amuzi kikirekodi chenyewe. Naenda Bugene na bodaboda kumchukua mama yako. Joyness alipoimba kwenye runinga yeye alikuwa amelazwa, na rekodi tuliyomtunzia imekufa pamoja na diski ya zamani. Baada ya leo hawarudii tena, kwa hiyo king'amuzi kisizimwe hata kidogo. Msichomoe waya wake ili kuchaji simu, nendeni kwa jirani.

~~Rimoti asiiguse mtu.~~ Rimoti aishike Joyness, najua hatavumilia. Asibonyeze tu.

Mpikie mama ndizi na maharage, ziive zilainike, meno yake unayajua.

Na wewe baba yangu, shikamoo. Diski ilipoanza kugonga ta-ta-ta, ulikibeba king'amuzi kizima ukakitikisa sikioni kama unapima kahawa, ukasema, "Hii imekauka, itieni guniani." Kweli ilikauka, haikusema tena! Hii mpya bado mbichi, Baba. Iache hapo ilipo. Jioni mjukuu wako akianza kuimba, tikisa kichwa tu.

Baba Joyness,
fundi wa nyumba hii (msicheke)