Ugonjwa wa Wazee

Mjukuu wangu Keza,

Salamu kutoka Gisimenti. Sisi tuko wazima. Mama yako bado anagombana na wenye baa kwa sababu ya muziki.

Umeuliza kwa nini nameza na vidonge vya presha, wakati virusi vyangu vimelala miaka mingi. Daktari anasema hata vikilala huuchosha moyo, na umri nao umefika. Nilicheka mpaka nesi akashangaa.

Nilipopewa majibu ya damu nilikuwa kijana, mama yako bado nambeba mgongoni. Nilimpa dada yangu umushanana wangu, vazi letu la sherehe, nikamwambia, "Livae wewe, mimi sitafika kwenye harusi ya mtu." Akalikunja vizuri. "Nakutunzia tu," akasema.

Nililivaa mama yako alipoolewa. Sasa halinitoshi, na daktari anataka nipungue. Basi chumvi nimepunguza, na asubuhi natembea.

Keza, nimepata ugonjwa wa wazee! Nani alidhani ningeufikia? Namshukuru Mungu.

Wewe usiharakishe kuolewa. Vazi bado linanibana, na siku hizi nina muda wa kusubiri.

Bibi yako