Mpaka Ulioonyeshwa kwa Kidole

Tuda, ule uvumi ni kweli. Wiki nzima jirani yangu Itto hakupata usingizi, akisikia zahanati mpya itameza mizeituni aliyoachiwa na marehemu mumewe. Leo asubuhi tingatinga limefika.

Kumbe siku wapimaji walipokuja, shemeji yake Hammu aliwakalisha zuliani. Itto alikuwa jikoni akiwapikia chai ya nanaa. Mpaka hawakuutembea! Hammu alinyoosha kidole tu palepale alipokaa: "Shamba letu linaishia mferejini." Karani wao akaandika.

Mizeituni iko ng'ambo ya mfereji, Tuda. Yote kumi na tisa, ikahesabiwa haina mwenyewe.

Leo Itto akamuuliza Hammu, "Ulitembea hadi wapi?"

"Shemeji, jua lilikuwa kali, na chai imeshamiminwa. Ng'ambo nilisahau."

Chai! Chai aliyoipika yeye!

Karani, aliyekuja na tingatinga, naye: "Mama, tangazo la mipaka lilibandikwa sokoni siku thelathini. Mbona hukupinga?"

"Mwanangu, sokoni naenda kuuza mayai. Nani alinisomea?"

Mti wa kwanza ulipong'oka, Itto alivua shali akaifunika mizizi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Kwako wanapima Alhamisi, nawe una watoto kama mimi. Nakusihi:

Usimtume mtu akaonyeshe mpaka wako.
Siku hiyo usikae jikoni.
Usimimine chai kabla hawajafika kila jiwe la mpaka.
Usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo mwanao hajakusomea.
Usiseme wakubwa watakuja kukagua kabla ya kugonga muhuri. Kwa Itto hakuja hata mmoja.