Harusi Haijafutika

Dada,

Chai iko kwenye chupa. Simu yako ni nzima, acha kuipigapiga. Video ya harusi yako inakaa kwenye kompyuta ya sebuleni, simu huivuta kutoka huko tu, na kompyuta ilikuwa imezimwa ukutani, sasa simu ingeipata wapi? ~~Mama ndiye~~ Kuna mtu huizima akimaliza kufagia, ati nayo ipumzike, kisha anaifunika shuka isipigwe na baridi. Nimeshaiwasha. Taa yake ikiwa ya kijani, jaribu tena. Mwenye shuka usimgombeze.

Lakini asubuhi umenikosea. Mbele ya shemeji unasema, "Kaifuta huyu, ana wivu!" Niifute kwa lipi? Kila unapoonekana, mimi niko nyuma nimekushikia mkoba. Tena ndiyo siku pekee niliyowahi kupendeza.

Mdogo wako