Jina Nililolitaja Ukumbini

Alhamisi, 6 Juni
Maziwa ya asubuhi yamechujwa. Ng'ombe mweusi bado anakataa kukamuliwa, mjinga yule. Jibini tisa rafuni. Faustin, mdogo wangu, alipita akielekea shuleni anakofundisha. Jumapili yeye na kikundi chake wanacheza mchezo wao wa kuchekesha katika ukumbi wa parokia hapa Kitshanga. Yeye ndiye anayeigiza Mkubwa. Nimeahidi kukaa mbele. Mkewe, Mama Riziki, anaogopa. Nilimwita kunguru mwoga.

Jumapili, 9 Juni
Watu mpaka madirishani. Faustin alitoka na mto tumboni, miwani myeusi, na mtu wa kumbebea kiti. Mkubwa ameitisha salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi: raia watengeneze barabara, yeye apigwe picha na jembe. Jembe lenyewe hajui linashikwa upande gani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kikundi chao kina desturi. Kila Mkubwa akitokea jukwaani, mtangazaji anauliza: "Munamujua huyu?" Ukumbi mzima unajibu: "Hatumujui!" Wote tunamjua. Hiyo ndiyo raha, na hiyo ndiyo kinga yao, maana jina halitajwi.

Mara ya tatu Faustin alishika kiuno, akakohoa kama yule mwenyewe kabisa. Mtangazaji akauliza. Na mimi, na mdomo wangu huu, nikapaza sauti kuliko wote na kutaja jina. La kamanda wa wenye bunduki wa kule mlimani. Jina lake halisi.

Kicheko kilikatika. Faustin aliganda pale pale. Watu wakaanza kutoka bila kusukumana. Mama Riziki alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Hakunitazama.

Jina hilo siliandiki hapa.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemwaga maziwa mara mbili. Naisikia sauti yangu nikiinama kwenye ndoo, naisikia nikichochea moto. Ilikuwa sauti ya furaha, hilo ndilo baya zaidi. Sokoni wanasema tu kwamba kuna mwanamke alipiga kelele. Hawanitaji. Labda hawakuniona. Labda wananihurumia. Faustin amekwenda kufundisha kama kawaida, amekataa kukimbilia Hombo kwa binamu yetu. Anasema akikimbia atakuwa amekubali kosa.

Jumanne, 11 Juni
Wamemchukua. Pikipiki mbili, saa nne, mbele ya darasa lake. Mama Riziki analia uani kwake, namsikia kutoka hapa. Nilifika hadi kwenye ua wake nikarudi.

Jumatano, 12 Juni
Hakuna habari. Kila pikipiki ikipita natoka mlangoni.

Ijumaa, 14 Juni
Akina mama wa parokia wamepanda mlimani na padri kumwombea aachiliwe. Nimewapa jibini zote. Mimi sikwenda. Nilisema nina homa. Uongo. Niliogopa nikifungua mdomo mtu mmoja kule ataitambua sauti. Yeye ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na nimemwacha huko ili nijifiche mimi. Najichukia, na bado sikwenda.

Mama Riziki alikwenda. Alipita hapa kuchukua jibini. Angeweza kunitaja kule na kumtoa mumewe. Nilimtazama akipanda mpaka akapotea kwenye migomba.

Jumapili, 16 Juni
Amerudi. Mguu umevimba, meno mawili hayapo. Alikuja kwangu baada ya misa, akakaa kwenye kigoda. Nilimpa maziwa ya vuguvugu. Anakunywa polepole kwa sababu ya mdomo.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwamba kosa ni langu. Akanitangulia.

"Dada, haiko mimi njo balikuwa banatafuta. Balikuwa banauliza tu ile sauti iko ya nani. Nikabaambia siijui."

Waliyemtaka ni mimi, na siku tano walimwuliza yeye. Hakunitazama alipokuwa anasema, alitazama kikombe.

Akaomba kikombe cha pili. Nikapasha maziwa mengine, tukakaa.