Barabara Uliyosema Isiuzwe

Atupele, binti yangu,

Ulipokuwa bwenini, barua zangu zilianza kwa kukuuliza hali na kuishia kwa kukukumbusha kuvaa sweta. Leo nayaacha yote mawili. Nakuandikia kuhusu barabara.

Kwanza habari za nyumbani. Hapa Uyole tupo. Mama yako amerudi shambani. Mwanzoni ilimshinda: alifika kwenye tuta la kwanza la viazi, akakaa chini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Sasa analima, na jioni ananilalamikia mgongo, nami nafurahi kusikia malalamiko hayo. Dirisha la chumba chako tunaliacha wazi mchana, maana hukupenda harufu ya chumba kilichofungwa. Kompyuta yako tumeifunika kitambaa, na mama yako anakifua kitambaa hicho hata kabla hakijachafuka.

Siku ya mazishi yako walikuja vijana watatu kutoka Iringa, na wa nne alishuka kwenye basi la Tunduma. Hawakumjua mtu yeyote pale. Waliweka mabegi yao chini ya turubai, wakauliza majembe yako wapi, wakaenda kuchimba pamoja na majirani. Baba yako mdogo Ambwene, ambaye ndiye aliyekuwa akipokea michango, aliwafuata.

"Ninyi ni wa upande gani?"

"Sisi ni abiria wa dada Atupele, mzee."

Ambwene akanijia mbio na daftari lake kwapani. "Kaka! Kumbe mtoto alikuwa na basi, na hukuniambia? Liko gereji gani?"

Nilicheka, mwanangu. Kwenye msiba wako mwenyewe nilicheka, na wazee wa kanisa wakanitazama. Nadhani wewe usingenilaumu.

Nilimweleza Ambwene kama nilivyoweza. Najua haya unayajua kuliko mimi, lakini nivumilie. Mwalimu wakati mwingine hueleza ili apate uhakika kwamba yeye mwenyewe ameelewa. Nilimwambia kuna gemu la simu ambamo mtu anaendesha basi. Limetengenezwa na kampuni ya nje, na barabara zake ni za huko nje. Lakini kampuni imeacha mlango wazi: anayejua kazi anaruhusiwa kuongeza vyake, basi la kwao, honi ya kwao, milima ya kwao. Nyongeza hiyo vijana wanaiita modi. Atupele, nikamwambia, alitengeneza barabara yetu kutoka Mbeya hadi Iringa, na watu wasiomjua wanaiendesha kila siku.

"Wanalipa nauli?" Ambwene aliuliza.

"Hapana."

Alinitazama kwa huruma, nikajua hanihurumii kwa ajili ya msiba.

Unakumbuka tulivyoipima? Kila ulipotoka kazini kwako Iringa kuja nyumbani, nami nilipokusindikiza kurudi, ulikaa dirishani na simu mkononi ukipiga picha mitaro na vibao. Mimi nilikuwa jiografia yako. Nilikueleza mteremko wa Inyala mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kuniomba nipumzike. Nilikueleza kwa nini tambarare ya Usangu inaanza ghafla vile, na milima ya Chimala imesimama pembeni kama ukuta. Ulisikiliza, au ulijifanya kusikiliza, kisha ukaweka kila kitu mahali pake. Uliweka hata ng'ombe wa wafugaji wanaovuka pale Igurusi. Nilipoendesha kwa mara ya kwanza nikawapigia honi, hawakusogea. Ukaniambia, "Ng'ombe wa Usangu hawajui honi, baba. Subiri." Nikasubiri. Ukanipiga picha nikisubiri ng'ombe ambao hawapo.

Na pale Ifunda uliweka mzee mwenye mwavuli mweusi. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilipokuwa nikifundisha huko, wewe ukija likizo, nilisimama kituoni na mwavuli hata kiangazi. Nilikuuliza tu mbona huyu mzee hapandi basi lolote. Ulisema, "Hasafiri. Anamsubiri binti yake ashuke."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baada ya arobaini, Baraka alikuja kutoka Iringa. Ni yule mwenzako fundi simu aliyechora basi la kijani, uliyekuwa ukimwita mkaidi kuliko trekta. Alisalimia "Kamwene" mlangoni, akakataa chai, na Mhehe akikataa chai yenye maziwa ujue kuna tatizo. Akanipa simu yake. "Endesha, mwalimu."

Niliondoka stendi ya Mbeya polepole, kama ninavyoendesha siku zote. Nikapita Uyole, nikateremka Inyala kwa gia ndogo. Nilipokaribia Igurusi basi likazama. Halikupinduka, wala halikugonga kitu. Lami ilikuwepo, mistari ilikuwepo, ng'ombe walikuwepo, lakini basi lilipita katikati ya lami kama jiwe kwenye maji, likaendelea kushuka kwenye weupe usio na mwisho.

"Kampuni imeleta toleo jipya," Baraka alisema. "Wamebadilisha msingi wote. Barabara ya dada inaonekana, lakini haina chini. Kila kipande inabidi kishonwe upya, mpaka Iringa. Na wakileta toleo jingine, tunaanza tena."

Akainamisha kichwa. Alichokuja kuomba kilikuwa ruhusa. Alitaka kulifunga faili kwa neno la siri na kuliuza kwa bei ndogo, ili aweze kuacha simu za watu na kukaa na barabara yako. "Sidai utajiri, mwalimu. Nadai bando na umeme. Nikirudi kwenye simu za watu, barabara inakufa. Nikikaa na barabara, nakufa mimi."

Nawe mwanzoni mwa faili umeandika, na kila anayelifungua anasoma: Chukua, endesha, mpe na mwenzako. Usiuze. Wataje waliotusaidia.

Ulipoondoka, neno la ruhusa lilibaki kwangu. Nikikubali, navunja ahadi yako kwa mkono wangu. Nikikataa, Igurusi inazama, Chimala inazama, na yule mzee wa Ifunda anabaki amesimama mahali ambapo hakuna basi litakalofika. Siku ile nilimwomba Baraka alale kwetu.

Nilimwita Ambwene kutoka kwenye biashara yake ya mbao Mbalizi, tukakaa sebuleni, mimi, yeye, Baraka na mama yako. Ambwene hakusema upuuzi, nataka ujue hivyo. Alisema, "Kaka, mtoto aliandika maneno yale akiwa hai, akiwa na nguvu zake za kutengeneza. Sasa mtengenezaji ni huyu hapa, na huyu anakula. Mali ya marehemu haitunzwi kwa kuiacha ioze."

Nilisimama. Mama yako akasema, "Haya, kengele imelia." Lakini nilisimama hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimesoma masharti ya kampuni yote, kwa Kiingereza chake kirefu, na kamusi pembeni.

Niliwaambia hivi. Atupele alijenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu aliyemruhusu ajenge. Mwenye kiwanja ni kampuni, na leseni yake inasema jenga upendavyo, karibisha watu, usiuze. Mbao nazo si zake zote. Miti ya misonobari ya Mafinga imechorwa na mtu wa Indonesia ambaye hatujawahi kumwona, akampa bure kwa sharti la kutaja jina lake. Basi ni la Baraka. Cha Atupele ni udongo aliousogeza, na huo ni jasho lake lote. Sasa mrithi atauzaje nyumba ya namna hiyo? Hata mimi nikisema ndiyo, ndiyo yangu inatosha chumba kimoja tu.

"Kaka, sikuja darasani," Ambwene alisema. "Na mimi mbao zangu simpi mtu bure kwa kutajwa jina."

"Ndiyo maana hakuna anayekutaja, shemeji," mama yako akamjibu, na Baraka akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Lakini kueleza kwa nini jambo haliwezekani si sawa na kumlipia mtu umeme. Baraka alikuwa ameanza kufunga begi lake. Mimi nilikuwa natazama daftari la Ambwene, lile la michango, ambalo bado hutembea nalo. Nikakumbuka wale vijana na majembe.

"Ambwene," nikamuuliza, "siku ya mazishi, ulipogawa chakula, ulitazama kwanza nani kachanga?"

Alikasirika kweli. "Kaka! Nimnyime mtu sahani msibani kwa kuwa hakuchanga? Unataka ukoo wetu uimbwe?"

"Na chakula kilitosha?"

"Kilitosha na kikabaki. Wengine walitoa, wengine walichimba, wengine walikula tu. Ndivyo msiba ulivyo."

"Basi barabara ya mtoto iendeshwe hivyo."

Mfanyabiashara yule alikuwa akipiga hesabu kichwani. Kisha akamgeukia Baraka. "Hao abiria, mna kundi la simu?"

"Lipo, mzee."

"Mweka hazina ni nani?"

"Hatuna."

"Mnaona sasa," Ambwene akasema, na akatoa kalamu.

Hatukukimbia. Nilisoma tena masharti, na Baraka akawauliza wenye kampuni. Kampuni inaruhusu mtu kuchangiwa kwa ajili ya kazi yake, mradi asiyetoa apate kilekile anachopata aliyetoa, siku ileile. Bila kufuli. Mtu wa miti tulimwandikia pia. Kiingereza chake ni kidogo na chetu kilimfikia kwa mashine, lakini jibu lake nimelishika kwa moyo: Miti bure. Kuuza hapana. Kuchanga kwa kazi, sawa. Pole kwa dada, alisema asante kila mara.

Alisema asante kila mara. Mama yako aliniomba nimsomee sentensi hiyo, kisha akaniomba tena.

Sitakudanganya kwamba mambo ni mteremko. Baraka bado anatengeneza simu asubuhi. Barabara anaishika mchana. Michango huja kwa wingi basi likizama na hupungua barabara ikiwa nzima, kama ilivyo kwa kila kitu cha watu wote. Kuna wiki kikapu cha michango kilikuwa kitupu kabisa na Baraka akapata bando hivyohivyo. Sijamuuliza Ambwene, naye hajasema, ila wiki ile mama yako alimkuta Mbalizi akiuza mbao kwa bei ya kutupa.

Ungemsikia Ambwene kwenye kundi lenu ungelia kwa kicheko. Hajui kuandika kwa kidole, kwa hiyo anatuma sauti. "Abiria wa Atupele, habari za asubuhi. Ni baba mdogo. Mmeendesha, mmefika salama, hakuna aliyewadai nauli. Sasa ninyi wenyewe mjipime." Mmoja akamuuliza asipotoa itakuwaje. Akamjibu, "Utapita, mwanangu. Utapita tu. Ila ukifika Makambako kwenye ule upepo, unikumbuke."

Na mimi nina kazi. Ni mkaguzi wa barabara. Baraka akimaliza kipande, ananitumia, naendesha polepole kuliko mchezaji yeyote Tanzania nzima na kumwambia tairi limezama wapi. Vijana wananiita TANROADI, kama wale wa serikali wanaotunza barabara. Igurusi imeshonwa. Chimala imeshonwa, na ule ukuta wa milima haukuhitaji kuguswa, uliuweka sawasawa. Makambako, Mafinga, ukungu na malori ya magogo, vyote vimepita.

Juzi tulifika Ifunda. Baraka aliniuliza amwondoe yule mzee, maana toleo jipya linahesabu kila mtu anayesimama kando ya barabara kuwa mzigo, na simu za bei ndogo zinachoka. Nilimwomba apunguze vichaka badala yake. Mzee amebaki na mwavuli wake. Jambo moja lilinishangaza. Nilidhani nikifika pale nitashindwa, nikiwa najua kwamba anayesubiriwa hatashuka. Nilisimamisha basi, nikamtazama. Kisha nikaona kwenye skrini mabasi ya wengine yakija kutoka Mbeya, maana sasa wanaweza kuendesha pamoja. Kila moja lilipomfikia lilipunguza mwendo na kumpigia honi. Baraka anasema wamefanya hivyo tangu enzi zako. Ndiyo salamu yao. Majina yaliyoelea juu ya mabasi yale sikuyaona kwenye daftari la michango la Ambwene.

Wewe hushuki, Atupele, lakini wao wanafika. Mmoja mmoja, bila nauli.

Imebaki Ifunda hadi Iringa. Nakuahidi tutaishona mpaka stendi, na toleo jingine likija kuizamisha, tutaanza tena Igurusi. Maneno yako ya mwanzo wa faili hayataguswa maadamu neno la ruhusa liko kwangu, na Baraka nimeshamwambia litakwenda kwake nitakapokufuata.

Lala, mama. Huku kumeanza baridi. Sweta nalivaa mimi.

Baba yako.